Anza na Nyama, Wali Hauishi

Siku ya Idi mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu, nimeketi barazani nasubiri pilau. Nyuma ya pazia la mlango nikamsikia mwanawe wa miaka minane anamfunda mdogo wake wa miaka minne. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayegawa siri. "Leo tunakula sinia moja na wageni. Wewe anza na nyama. Wali hauishi, wataongeza. Nyama hawaongezi. Mama akikukata jicho, muulize kwa nguvu, 'Mama, mbona unanitazama hivyo?' Wageni watasema, 'Mwache mtoto ale.'"

Nilicheka hadi machozi, kisha nikatoa daftari langu nikayaandika maneno yale kama yalivyo. Kazi yangu ni kufundisha walimu wa elimu ya awali na wa madarasa ya chini, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikikusanya mashauri ya aina hii, yale mabaya ambayo mtoto mtundu humpa mtoto mwenzake. Nayathamini kwa dhati, na ningependa kila mzazi na kila mwalimu ajue yamebeba nini.

Tuyapime ya kijana yule. Ili amwambie mdogo wake aanze na nyama, lazima awe anajua vyema kwamba adabu ya sinia ni kula wali ulio mbele yako na kuiacha nyama katikati mpaka mkubwa aigawe. Anajua kinachoongezwa na kisichoongezwa. Anajua jicho la mama lina maana gani, na anajua lina nguvu kwa sababu ni la kimya: likitajwa kwa sauti mbele ya watu, linakufa. Tena anajua kwamba mgeni naye amefungwa na adabu yake, hawezi kutazama tu mtoto akinyimwa kinofu. Hili la mwisho hakuna aliyemfundisha. Amelichota mwenyewe kwa kutazama, Idi hata Idi.

Ndivyo yalivyo karibu mashauri yote ninayoyakusanya. Ushauri mbaya wa mtoto mtundu ni sheria ya nyumba iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, na asiyeijua sheria hawezi kuigeuza ikachekesha.

Lugha yetu imelijua hili siku nyingi. Mtundu ni mtoto anayesumbua, na mtundu huyo huyo ni fundi anayeiamsha redio iliyokufa kwa kipande cha waya. Tunasema "fundi mtundu" na tunamlipa. Mkorofi ni mwingine, huyo anatafuta ugomvi. Mtukutu naye ni yule asiyetulia. Mtundu anapekua ajue kitu kinavyofanya kazi. Na kwa mtoto wa miaka saba, nyumba yenye watu wazima, amri, zamu na visingizio ina mambo mengi ya kupekua kuliko redio yoyote.

Kila mwaka, wanachuo wangu wanapoanza somo la makuzi ya mtoto, huwaomba kila mmoja alete ushauri mbaya aliopewa au aliotoa utotoni. Wanatoka Mtwara, Kigoma, Mara na Pemba, na mashauri yao yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Ukitumwa dukani, chelewa sana mara ya kwanza, kesho watamtuma mwingine. Ukiambiwa uoshe vyombo, vunja kikombe kimoja mapema. Lia kabla fimbo haijafika. Chenji usiitaje mpaka uulizwe. Ukivunja kitu, uwe wa kwanza kuuliza, "Nani amevunja hiki?" Ripoti ya shule mpe baba akiwa anatazama mpira na timu yake inaongoza.

Ulio maarufu kuliko yote, ambao umenifikia kwa namna nyingi mno, ni wa kuoga jioni. Ingia bafuni na ndoo yako. Mwaga maji sakafuni kata baada ya kata, ukiacha nafasi katikati ili isikike kama mtu anajisugua. Imba kidogo. Lowesha uso, miguu na nywele za mbele. Sabuni ipake kwenye taulo. Ukitoka, jipake mafuta miguuni mpaka ing'are, kwa sababu mama husikiliza maji, hunusa sabuni, kisha hutazama miguu.

Mtoto anayeutoa ushauri huu amekwisha kuvuka mto mpana. Mwaka 1983 wanasaikolojia wawili waliokuwa wakifanya kazi Austria, Heinz Wimmer na Josef Perner, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo kila mwanafunzi wa fani hii hulisoma. Waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aitwaye Maxi aliyeweka chokoleti yake kwenye kabati moja akaenda kucheza. Nyuma yake, mama akaihamishia kabati jingine. Maxi anarudi na hamu yake: ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida huonyesha kabati ilipo chokoleti sasa. Wao wanajua ilipo, basi wanadhani na Maxi anajua. Kuanzia kama miaka minne na kuendelea, wengi huonyesha kabati la kwanza. Wametambua kwamba kichwani mwa mtu mwingine kunaweza kukaa jambo lisilo kweli, na kwamba mtu huyo atatenda kulingana na anachoamini.

Sasa rudi bafuni. Mtoto wa kata na ndoo amepiga hatua zaidi ya kutambua kwamba mama anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Anajua imani hiyo hujengwa kwa sikio, kwa pua na kwa jicho, na kila mlango ameuandalia mgeni wake. Mzazi anayegundua mchezo huu ana haki ya kumrudisha mtoto bafuni, na amrudishe, maana uchafu ni uchafu. Lakini moyoni afurahi pia. Mtoto wa miaka mitatu hafiki hapo. Ukimwuliza kama ameoga, anasema "Ndiyo" huku tope limemkaukia magotini.

Kwa nini basi asiufiche ujuzi huu, autumie kimya kimya? Kwa nini aufanye ushauri, autangaze, acheke nao? Jibu ninaloliamini zaidi lilitolewa na Korney Chukovsky, mshairi wa watoto wa Urusi aliyetumia miaka mingi kuandika maneno ya watoto kama walivyoyasema. Katika kitabu chake kuhusu lugha ya watoto wa kati ya miaka miwili na mitano, anasimulia jinsi binti yake, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili, alivyomjia na uso wenye utundu na kumtangazia kwamba mbwa analia "nyau". Mtoto alijua wazi kwamba si kweli, na alicheka kwa sababu alijua. Chukovsky akaona kwamba kila mtoto anapolishika jambo barabara, mara huligeuza na kulichezea. Anapolifahamu bado nusu nusu, haligeuzi, na ukiligeuza wewe anakasirika na kukusahihisha. Kicheko, kwa maelezo yake, ni sherehe ya mtu aliyekwisha kuwa na hakika.

Nimelishuhudia hili darasani mara nyingi. Mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula hacheki ukimwambia ale kwa kushoto. Anakutazama kwa mashaka. Mwenzake aliyezoea mwaka mzima anaanguka kwa kicheko, na papo hapo anaanza kutunga zake: anawe kwa mguu, afute mikono kwenye kanzu ya babu.

Hapo ndipo jambo linapogeuka zito, na ningemwomba mzazi asome kwa makini. Anayetoa ushauri ana miaka minane. Anayeupokea ana minne. Mmoja anacheza, mwingine anatekeleza.

Kuelewa kwamba mtu amesema jambo akimaanisha kinyume chake ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Kwa jumla, watoto huanza kuielewa kejeli wakiwa na miaka kama mitano au sita, na ufahamu huo huendelea kukomaa mpaka kupita miaka minane. Sababu ni kwamba mwongo na mtani wote wawili husema lisilo kweli. Tofauti iko ndani kabisa: mwongo anataka usijue ukweli, mtani anajua kwamba unaujua, na anategemea unajua kwamba yeye anajua. Ni vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine, na mtoto wa miaka minne kwa kawaida ameingia cha kwanza tu. Mwaka 1995 Kate Sullivan, Ellen Winner na Natalie Hopfield walionyesha kwamba ili mtoto atenganishe uongo na mzaha hana budi kwanza aweze kufikiri juu ya kile ambacho mtu mmoja anadhani mwingine anakijua.

Sisi watu wazima huwapa watoto wadogo mtihani huu kila siku bila kutambua. Mtoto amemwaga maziwa nusu kikombe, mama anamwambia, "Haya, mwaga yote!" Naye anayamwaga yote, kwa utiifu. Anagonga sufuria, baba anasema, "Endelea tu." Anaendelea. Kisha anachapwa kwa ukaidi, na machozi yake ni ya kweli, kwa sababu amefanya neno kwa neno alichoambiwa. Kiswahili cha malezi kimejaa maneno ya kinyume namna hii. Hata methali tunayoitumia mara kwa mara, mtoto akililia wembe mpe, ni ushauri ambao hakuna mzazi anayekusudia utekelezwe kama ulivyo. Mkubwa husikia onyo ndani yake. Mdogo husikia wembe.

Yule binti wa miaka minne siku ya Idi alifanya hasa alichoambiwa. Alichukua kinofu cha kwanza, akakila, kisha akamgeukia kaka yake mbele ya wageni wote akauliza, "Kaka, sasa nile wali?" Kaka aliinamisha uso kwenye sinia. Wageni walicheka, mama naye akashindwa kujizuia. Lakini kama ushauri ungehusu kitu kingine, tusingecheka.

Basi nitaje vitu ambavyo havina mzaha hata kidogo mbele ya mtoto mdogo. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda au ya maji: mtoto akiambiwa "ni soda" atakunywa, na akishakunywa asitapishwe, kwa sababu yanapopanda tena huweza kuingia mapafuni, apelekwe hospitali mara moja. Betri ndogo za duara, zile za rimoti na za saa: ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Vidonge vya bibi vilivyopakwa rangi kama peremende. Tundu la soketi. Kisima kisicho na mfuniko. Kuruka kutoka juu ya mwembe ukishika khanga kama mwavuli wa askari, ushauri ambao wanachuo wangu watatu, kila mmoja kutoka mkoa wake, walionyesha makovu yake. Mtoto mkubwa anayemwambia mdogo mambo haya hana nia mbaya. Anatamani kumwona mwenzake anasita, kisha anacheka naye, kama yeye mwenyewe alivyofanyiwa na wenzake. Hajui kwamba mwenzake bado hajapata kile cha kumfanya asite. Aelezwe hivyo, kwa maneno hayo hayo: "Mdogo wako bado hajui kwamba unatania. Atafanya." Nimeona watoto wa miaka minane wakilipokea jambo hili kwa uzito mkubwa, kwa sababu linawapa cheo. Wao sasa ni watu wanaojua, na anayejua ana wajibu.

Jambo jingine litamshangaza mzazi anayeogopa kwamba mtundu atakuwa mwovu. Mtaalamu wa Marekani Elliot Turiel, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kuwauliza watoto maswali mepesi juu ya kanuni. Mwalimu akisema leo ruhusa kumwita kwa jina lake tu, je, ni sawa? Wengi husema sawa. Je, mwalimu akisema leo ruhusa kumpiga mwenzako? Hata watoto wa miaka minne huelekea kukataa: bado ni vibaya, anaumia. Tangu wakiwa wadogo wanatenganisha kanuni za desturi, ambazo watu wamekubaliana na wanaweza kukubaliana upya, na yale ambayo yanamuumiza mtu na hayabadilishwi kwa tangazo.

Nimepitia daftari zangu kwa macho ya Turiel. Mashauri yanayowachekesha watoto wenyewe karibu yote yanacheza na desturi: nyama, kuoga, sare, salamu, zamu, wageni. Mara chache mtoto analeta ushauri wa kumwonea mtu, kumficha kipofu fimbo yake, kumcheka mwenzake asiye na viatu. Hapo darasa hunyamaza, na sauti moja hutokea nyuma: "Hiyo si nzuri." Sijawahi kulazimika kuisema mimi. Wewe pia unaweza kujaribu nyumbani jioni hii. Muulize mtoto wako kama ingekuwa ruhusa kula kwa mkono wa kushoto siku nzima. Kisha muulize kama ingekuwa ruhusa kumsukuma mdogo wake ngazini. Tazama uso wake ukibadilika kati ya swali la kwanza na la pili.

Jamii zetu zilikuwa na shule ya mambo haya, na bado ipo kwa wanaoitunza: utani. Babu anamwita mjukuu wa miaka mitano mume mwenza, anamtishia kwamba bibi atakwenda kuishi naye. Mjukuu anajibu kwamba bibi amekwisha kumkataa babu kwa sababu hana meno. Maneno kama haya mtoto akimwambia baba yake ni utovu wa nidhamu, akimwambia babu ni mapenzi. Kila siku mtoto anafundishwa kwamba neno moja lina uzito tofauti kwa mtu tofauti, kwamba uso unaocheka hubadili maana ya maneno, kwamba kuna mahali palipotengwa kwa kinyume. Mtoto aliyelelewa karibu na babu au bibi mtani huwahi kuutambua mzaha, kwa ninavyoona darasani, na huwahi kuutunga. Nasikitika ninapoona nyumba ambazo mazungumzo ya babu na mjukuu yamebaki kuwa "shikamoo, babu" kwa simu mara moja kwa mwezi.

Katika vitabu tuna pengo. Desturi yetu ya maandishi ya nasaha ni ya kale na ya heshima. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, na tangu hapo vizazi vya waandishi vimeendelea kuwausia watoto kwa sauti ya mzazi. Tuna Sungura na Abunuwasi, lakini hao husimuliwa na wakubwa. Mtoto mwenyewe, akisema kwa ulimi wake jinsi dunia ya wakubwa inavyoonekana akiwa chini ya meza, ni nadra kumkuta katika kitabu cha Kiswahili.

Kwingineko waandishi walikwisha kuujaribu mlango huu wa utundu. Mwaka 1865 Mark Twain, akiwa bado kijana wa chini ya miaka thelathini, aliandika makala fupi ya nasaha kwa wasichana wadogo ambayo, kati ya mengine, inawaelekeza wasimkatalie mama anapoagiza jambo, waseme watafanya, kisha wafanye kama akili zao zinavyoona bora. Mwaka huo huo, Ujerumani, Wilhelm Busch alitoa kisa cha Max na Moritz, wavulana wawili watundu ambao mwisho wao ni kusagwa kinuni mwa msaga nafaka na kuliwa na bata. Maandishi yote mawili yaliishi. Lakini mimi naiona tofauti kubwa kati ya mwandishi anayemfanya mtoto kuwa mwenzake katika mzaha na yule anayemtumia kama mfano wa kutisha.

Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni Grigory Oster, mwandishi mzaliwa wa Odessa, ambaye mwaka 1990, Umoja wa Kisovyeti ukiwa ukingoni, alitoa kitabu kizima cha mashairi ya ushauri mbaya kwa watoto wasiosikia. Hoja anayoianzia ni kwamba wapo watoto ambao huambiwa hivi wakafanya vile. Basi wakipewa ushauri mbaya watafanya mema. Ni hoja ya mzaha, lakini inagusa kweli. Mtoto aliyezoea kusikia "usi-, usi-, usi-" kutwa nzima anaposikia mkubwa akimshauri vibaya kwa sauti ya kuapa, ghafla yeye ndiye anayegeuka mlinzi wa sheria. "Hapana! Haifai!" Anaitetea kanuni ile ile aliyokuwa akiikimbia asubuhi.

Naamini hilo kwa sababu nimelifanyia kazi. Wanachuo wangu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, hasa katika darasa la tatu, huwapa zoezi moja. Waliambie darasa kwamba kesho anakuja mwanafunzi mgeni kutoka mbali, hajui lolote kuhusu shule. Kila mtoto amwandalie ushauri mbaya kabisa, na wenzake wauseme ulio sahihi na sababu yake. Sharti ni moja: ushauri usimuumize mtu. Kuanzia hapo mwalimu hana kazi ya kuwahimiza watoto waongee. Kengele ikigongwa, usisimame, huenda inamwita mtu mwingine. Daftari la hesabu liandike kwa wino usioonekana, makosa hayatapatikana. Ukichelewa, tembea kinyumenyume, mwalimu atadhani unaondoka. Huu wa mwisho ulitolewa na mtoto wa miaka tisa, na darasa zima lilisimama kuujaribu.

Mwanachuo anapaswa kuandika kila ushauri pamoja na jina la aliyeutoa, kisha jioni akae nao. Wengi hufikiri nataka waone ubunifu. Nataka pia waone habari. Mtoto hutunga kinyume kutokana na anachokijua, na anachokijua zaidi ni anachokiishi. Anayeshauri kuficha viatu ili usiende shule siku ya mvua huenda ana viatu vinavyovuja. Anayeshauri kula polepole sana wakati wa mapumziko ili waliomaliza wasikuombe, huenda ndiye anayeombwa, au ndiye anayeomba.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya kijijini, msichana wa darasa la tatu ambaye kwa kawaida hakunyoosha mkono alisimama siku ya zoezi hili. Alisema, "Zamu yako ya kusoma kwa sauti ikikaribia, omba ruhusa uende chooni. Hesabu mpaka mia. Ukirudi, watakuwa wameshapita dawati lako." Darasa lilicheka sana, naye akaketi anatabasamu, pengine kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Mwanachuo wangu aliuandika. Usiku, akiwa na daftari mbele ya taa, alikumbuka kwamba msichana yule huomba ruhusa kila kipindi cha Kiswahili, na siku zote katikati ya kipindi. Asubuhi alinijia kabla ya gwaride. "Mwalimu," akasema, "nadhani yule mtoto hajui kusoma."

Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza mwaka 2015, ulitaka mtoto awe ameyamaliza haya katika darasa la kwanza na la pili. Yeye alikuwa amepita yote mawili. Tulimwita baada ya masomo, chini ya mti, bila wenzake, tukamwambia ushauri wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Kisha tukafungua kitabu cha darasa la kwanza. Alisoma irabu zote. Alisoma ba, ka, ma, ta bila kusita. Alipofika mahali penye herufi za konsonanti zilizofuatana, mbwa, ng'ombe, nywele, kidole kikasimama na macho yakaelekea chooni.

Tulianzia hapo, na mbwa.